Siku ya Nne

Kabla ya kuingia navua hereni, saa,
na jina ninaloitwa nyumbani.
Mlango wa kwanza haufunguki mpaka wa pili ufungwe.
Hewa ya humu ni bahili: huingia, haitoki,
ila ipekuliwe kwanza na machujio mawili.

Ndani ya friji, nyuzi themanini chini ya sifuri,
wamelala wageni wasio na pasi ya kusafiria.
Mmoja alikuja na nyama ya magendo, ndani ya begi la nguo.
Mmoja kwenye kwato za mbuzi waliovushwa usiku.
Mwingine alisafiri na upepo tu,
sijui hata barua ya malalamiko niiandikie nani.
Tunawapa namba. Tunawauliza, kupitia glavu mbili mbili,
mlikuja kumuua nani, na kwa siku ngapi.

Vijana kumi na mmoja huniita Mkurugenzi.
Bi Minza huzipika takataka zetu kwa mvuke mpaka ziive:
"Hata shetani," husema, "humu anatoka supu."
Kazi yangu mimi, kusema kweli, ni barua.
Barua ya dizeli. Barua ya machujio, nakala kwa Katibu Mkuu.
Jibu: ombi lenu linashughulikiwa.

Umeme ukikatika, Mwanza nzima huguna.
Sisi hatuguni, tunahesabu
mpaka jenereta ikohoe. Kwa kawaida, tisa.
Siku moja tulifika kumi na nne.
Nimezeekea kwenye hizo tano.

Kutoka ni kuoga. Nywele, kucha, kupenga kamasi,
kwani kirusi cha miguu na midomo
hujificha kooni mwa mtu na mtu asikohoe.
Kisha ile sheria niliyoitia sahihi mwenyewe:
siku saba usikanyage zizi.
Usiguse ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe,
hata yule wa jirani anayekula maua ya uani.

Ilikuwa siku ya nne mama aliponipigia kutoka Katunguru.
"Limi, Madoa amelala ubavu tangu alfajiri.
Kwato imetoka. Moja tu."

Katikati ya mawe mawili, dirishani,
feri ya Kamanga ilikuwa inapakia magari.
Funguo zilikuwa mkononi.
Mlinzi angefungua geti na kunisalimia.

Nikakaa.
"Osha mkono, mayu, mpaka begani. Sabuni nyingi.
Ingia. Unagusa nini?"
"Goti."
"Limekunjwaje?"
"Kama la mtu anayesali."
"Msubiri apumzike kusukuma. Mrudishe ndama nyuma, polepole.
Sasa ifunike kwato kwa kiganja, isimchane.
Ivute kwako."

Nikasikia pumzi ya mama na pumzi ya ng'ombe,
nikashindwa kuzitenganisha.
Mkono wangu wa kulia ulikuwa hewani,
vidole vimekunjwa, unavuta,
juu ya meza yenye nembo ya serikali.
Luhende alifungua mlango, akaona, akaufunga.

"Jike," akasema mama. "Anapiga chafya. Njoo umwone."
"Bado siku tatu."
"Nitawaambia nini watu? Mwanangu daktari wa ng'ombe,
ng'ombe wangu nimzalishe mwenyewe?"
Sikuwa na jibu.
Ng'ombe haelemewi na nunduye, tuliimbiwa shuleni.
Mimi naelemewa na usafi wangu.

Siku ya sita likafika boksi la barafu kutoka mpakani:
ndimi za mafahali wawili, malengelenge mabichi,
na karatasi iliyoandikwa kwa haraka, *tafadhali, leo*.
Luhende akanitazama. Nikavua hereni.
Hesabu ikaanza upya kwenye moja.

Mama alimpa ndama jina: Simu.
Ameshaota pembe, nasikia,
na anapenda kukunwa nyuma ya sikio la kushoto.
Naambiwa la kushoto.