Tabaka la Sitini na Nne

Saa nane za usiku, Rusayl. Nje joto limekaa
juu ya lami kama mgeni asiyejua kuaga;
ndani, baridi ya mashine. Nimejitanda shela juu ya shela,
karak imeota utando kikombeni.

Kiwanda kimebadili kanuni zake, kimetuandikia kwa adabu:
kuanzia mwezi wa tisa hatupokei
mchoro uliosanifiwa kwa kifurushi cha zamani.
Basi tunahama.
Transista milioni mbili na ushei,
shaba ya ghorofa sita, matundu ya kuiunganisha,
yote ndani ya faili moja, tunayatoa huku, tunayaingiza kule,
kwa jedwali la kutafsiria:
hapa shaba ya kwanza ni thelathini na moja,
kule wanaiita kumi na tano.
Ni shaba ileile. Umeme hauulizi jina.

Ila faili halina huruma wala udadisi.
Tabaka lisilo na mstari wake jedwalini
halipigiwi kelele, hapana hata kikohozi;
huachwa kizingitini, mlango ukafungwa.

Kisha unalinganisha. Mchoro juu ya mchoro:
kilichofanana kifutike,
kilichotofautiana kiwake.
Hesabu hii nimeizoea na bado inanishangaza,
kwamba waliopatana hawaonekani.

Jana skrini iliwaka kama mwili wenye surua:
matundu elfu arubaini yamesogea
nanomita mbili unusu kila moja,
kwani gridi mpya hupiga hatua ya tano
na ya zamani ilizoea nusu yake.
Sreejith akavua miwani. "Chukua unywele," akasema,
"uuchane mara thelathini elfu. Uchane mmoja. Ndio huo."
Tukayarudisha. Alfajiri ikatukuta tunabishana juu ya nani atanunua mkate.

Usiku huu skrini nyeusi tii.
Tofauti: sifuri.
Mundhir amepiga simu kutoka Sohar, sauti ya usingizi: "Tuma."

Kidole kilikuwa juu ya kitufe.
Sijui kwa nini nilimkumbuka karani wa Muttrah,
mwaka tulioingia kutoka Wete, mimi mgongoni.
Mama anasema kalamu yake ilikuwa inakauka.
Nukta moja haikushika karatasini,
ze ikawa re:
Zeyana akaingia ofisini, akatoka Rayana.
Pasi ikanakiliwa kutoka cheti kile, kadi kutoka pasi,
leseni, shahada, kibandiko cha mlango huu.
Zilinganishe hati zangu zote, hutapata kosa hata moja.
Zimepatana kabisa.

Nikaacha kulinganisha, nikahesabu.
Mchoro wa asili: matabaka sitini na manne.
Uliotoka: sitini na matatu.
Na wa upande wa pili, sitini na matatu vilevile,
maana wote wawili walipita mlango mmoja,
jedwali lilelile, sahau ileile.

Lililobaki nje ni la oksidi nene,
lile linalokiambia kiwanda: hapa volti ni kubwa, paka zaidi.
Bila yake chipu ingezaliwa nzuri, inameta,
ikaungua mara ya kwanza kupewa umeme,
na sisi tukiwa na karatasi ya kuonyesha: tofauti, sifuri.

Nimeongeza mstari mmoja. Nimeanza upya.
Dakika arubaini za feni za seva na tumbo tupu.
Simu inatikisika mezani. Mama, kutoka Al Khoudh,
naye hajalala: *Zeyana, huko mnakula?*

Skrini imefunguka.
Mistatili mitatu, myekundu, midogo,
kwenye kona ya chini ambayo hakuna anayeitazama.
Sijapata kulifurahia kosa namna hii.

Namwandikia Mundhir: bado.
Namwandikia mama: sijala. Niwekee.