Kiazi na Mimi

Muuguzi Thuraya, hospitali ya Ibra,
kanipa kikombe chenye mstari mwekundu:
"Maji yako haya, Bi Ghaniya, hadi kesho."
Nje, jua la Julai linapasua kokoto.

Tende, basi. Ndizi, basi.
Ndimu kavu mchuzini, nayo basi.
Kiazi nikimenye, nikikate, nikiroweke,
maji niyamwage,
nikiroweke tena.

Kinaoga mara mbili, kiazi!
Mimi nalamba kipande cha barafu
kama mtoto na pipi ya kuibia.

Jana walikuja wageni.
Nikawamiminia kahawa, nikawasogezea khalasi.
Mkono ukaenda wenyewe sahanini,
ukarudi na kokwa.

Niliifyonza hadi Isha.

Kesho mashine ya figo ikiniuliza,
nitasema: kokwa tu.