Stesheni ya Kifuani

Darasa la Pili B, Isevya. Watoto sabini na mmoja
na picha moja ya mwili ukutani,
mchwa wameila kuanzia kiunoni kwenda chini.
Nikasema: tokeni nje. Leo mwili tunauchora wenyewe.

Kalunde akalala chali uwanjani,
wakamzungushia mstari wa majivu.
Alipoinuka, akabaki pale chini bila shati,
wakacheka mpaka Mwalimu Mkuu akachungulia dirishani.
Tukamkuza kwa fimbo, hatua kwa hatua,
kidole gumba kikagusa mlingoti wa goli.

Utumbo tulikatiwa na baba yake Nyamizi, fundi cherehani:
kamba, mita saba kwa futi yake.
"Hii yote imo tumboni mwangu?"
Imo, imekunjwa.
"Ndiyo maana njaa inaniuma hadi mgongoni," akasema Zengo,
na sikupata la kumsahihisha.

Mapafu: chupa iliyokatwa kitako,
maputo mawili yaliyosalia harusini.
Vuta chini, yanavimba. Achia, yananywea.

Lakini moyo. Moyo ulinishinda kuuchora.
Nilikuwa nimeshika majivu tu, nimesimama,
ndipo garimoshi la Mwanza likapiga honi.

Nani hajawahi kufika stesheni? Hakuna mkono.
Basi moyo ni Tabora.
Mwanza kichwani, Mpanda miguuni,
Kigoma mkono huu, Dodoma mkono ule.
Vizibo vyekundu vya soda vimebeba hewa,
vya masizi vimechoka, vinarudi.
Na hakuna kusafiri kabla ya kupita mapafuni kupakia!

Wakakimbia. Vumbi. Msabila akipiga dumu:
pu-pu, pu-pu, pu-pu.
Njia ya Mpanda, Zengo akainama kufunga kamba ya kiatu,
foleni ikajaa mpaka pajani.
"Mwalimu! Mguu umekufa ganzi!"
Miaka kumi na minne ya chaki,
sijafundisha vizuri kuliko kiatu kile.

Mihayo hakucheka. Alikuwa Kigoma,
kwenye ncha ya vidole, kizibo cheusi mkononi.
"Damu ikifika huku, lazima irudi?"
Lazima.
"Yote?"
Yote, nikasema,
kabla sijakumbuka mama yake alipanda treni ipi,
na ni mwaka wa ngapi huu.

Hilo halimo katika muhtasari wa somo.
Nikachukua faneli ya mafuta ya taa
(niliiosha kwa sabuni mara mbili, bado ilinuka)
na mpira wake,
nikamwekea kifuani pake,
ncha nyingine sikioni pake mwenyewe.
Kengele ikalia, akasikiliza.
Wenzake wakapanga foleni ya uji, akasikiliza.

Jioni faneli haikuonekana. Sikuuliza.

Usiku mvua ikanyesha, ikafuta kichwa na tumbo.

Kesho kutwa yake akaileta, imeviringishwa katika kipande cha kanga.
"Nilimsikiliza bibi akiwa amelala," akasema.
"Yake ni treni ya mizigo, Mwalimu. Inakwenda polepole.
Nilihesabu mpaka nikasinzia.
Nilipoamka,
bado ilikuwa inafika."