Kigezo cha Karatasi ya Saruji

Karatasi yenyewe ni ya mfuko wa saruji,
tabaka la ndani, lile lisilogusa vumbi.
Bi Barke aliikung'uta dirishani mara tatu,
akaipiga pasi ya makaa,
akachora kwa penseli ya seremala
tawi, jani, tawi, jicho la kuku,
kisha akatoboa kila mstari kwa sindano,
hata ukiiinua mbele ya taa
ukuta mzima unaota upele wa mwanga.

Mimi nilikuja na kipande cha bafta na aibu yangu.
Mchana nasoma mita za maji hapa Langoni,
nagonga milango, naandika tarakimu.
Akavitazama vidole vyangu.
"Ndoo. Kaa. Kitwa ni cha nani?"
Sikuwa na kichwa. Sikuwa na mume wala kaka.
Nilitaka tu mikono ifanye kitu
kisichofutwa mwisho wa mwezi.

Akaweka karatasi juu ya kitambaa,
akapapasa unga wa makaa kwa fundo la soksi kuukuu,
akainua: nakshi imebaki,
kijivu, nyepesi, kama neno lililosemwa chini chini.
Kisha akanisomea hesabu yake,
aliyoitunga mwaka ule miwani ilipovunjika:

    Shika pindo usivute,
    matobo saba upite,
    la nane ulikamate,
    hapo jani huanzia.

Kofia yangu ya kwanza ilichukua miezi minne
ikatoka ndogo.
Ililitosha birika la kahawa.
Bi Barke alicheka mpaka ushungi ukamwanguka,
akalivisha birika, akaliita Bwana Harusi.

Ndipo akaja mtu kutoka Mombasa,
viatu vyake vya ngozi vikiogopa mavi ya punda.
Akakigeuzageuza kigezo kama hati ya shamba.
"Elfu arobaini," akasema, "kwa sharti moja:
kisitoke tena mlango huu."
Bi Barke akamtilia chai. Akaomba usiku mmoja.

Mtu akiomba usiku mmoja mjini kwetu
hudhaniwa anakwenda kuswali istikhara.
Labda aliswali. Niliyoyaona mimi ni haya:
baada ya isha alinituma kwa Zena muuza mafuta ya taa,
kwa Mwanamkuu, kwa mabinti wa Famau,
kwa Shekuwe, kijana wa chuo anayeshona kwa siri
chumba cha juu, pazia limefungwa.
"Waambie waje na karatasi. Yoyote."
Wakaja na kalenda, na kurasa za daftari la hesabu,
na bahasha ya eksirei yenye jina la mgonjwa.
Tukatoboa, tukatoboa,
sindano zikila kama mchwa.
Shekuwe alikaa katikati yetu na hakuna aliyeuliza.
Alfajiri tulihesabu nakala thelathini na moja,
na kigezo mama kimelegea kama chujio la tui.

Mtu wa Mombasa akarudi saa tatu, fedha mkononi.
Akapewa ile ya thelathini na moja.
"Twaa. Bure. Kama wenzio."
Alisimama dakani muda mrefu.

Sitasema Bi Barke hakuwa na haja na zile fedha.
Paa lilivuja msimu ule wote,
beseni katikati ya chumba likihesabu nalo.
Nilimuuliza mara moja tu, akanijibu na uzi mdomoni,
kwa hiyo sikusikia vizuri:
ama alisema "nilipewa,"
ama alisema "nalipwa."

Ijumaa hii napita na daftari la mita
watu wakitoka msikitini.
Tawi, jani, tawi, jicho la kuku
linanipita juu ya kichwa cha mtu nisiyemjua,
na jani la tano lina tobo lisilo na kazi.
Cheche ya ubani iliangukia nakala yangu mimi,
nikaona uvivu kuanza upya.
Nilimpa nani nakala ile? Niliwapa wengi mno.
Nimesimama na kalamu njiani,
nimesahau tarakimu za nyumba niliyotoka.