Upepo wa Kuusivaara

Husema majuto ni mjukuu.
Basi mimi ninaye mmoja tu:
ana miaka thelathini na mmoja, hana kazi,
anakula kwangu, analala kwangu,
na kila Januari, baridi ikishuka nyuzi ishirini chini ya sufuri,
huniamsha saa kumi alfajiri
twende mnarani.

Kazi yangu ni njia ya barafu.
Navuta mpira wa maji mpaka juu,
nanyunyiza, nangoja, nanyunyiza tena,
nakwangua palipovimba
ili watoto wa watu
wakae ubaoni, waachie, wateleze,
waruke.
Vidato mia mbili na kumi na nne.
Navijua kama ulimi unavyolijua pengo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa
na skii za njano alizoninunulia baba
kwa kuuza kipande chake cha msitu.
Watatu wa kwanza wangeingia timu ya taifa.
Kocha akashusha kibendera. Taa ikawa kijani.
Nikatazama chini: mji mzima
makombo juu ya kitambaa cheupe.
Taa ilikaa kijani sekunde kumi.
Kumi ni nyingi. Jaribu kuzihesabu.

Kisha nikavua skii, nikazitia begani,
nikashuka kwa ngazi,
na watu waliongoja kuniona angani
wakaniona mlangoni.

Nikasema: upepo.
Baba akasema: ndiyo, upepo.
Mjomba Kalervo alikuwa na sigara mkononi,
moshi wake umesimama wima kama uzi wa timazi.
Hakusema neno.

Nikaulea upepo ule.
Mwaka wa kwanza ulikuwa wa ubavuni tu, upepo wa kawaida.
Nilipooa ulikwisha kuwa dhoruba.
Kirsikka hakuniacha kwa sababu ya skii.
Aliniacha kwa sababu kila nilichoshindwa,
karakana, mkopo, chuo cha Oulu
walichoniita nisiende,
kilikuwa na upepo wake.
Baba alikufa akiuamini.
Au alikufa akinisitiri.
Wa kumuuliza ndiye yeye.

Jumanne nilikuwa kwenye kidato cha mia na kitu,
mpira begani, ndevu zimeganda,
nikamwona Saimi, mtoto wa fundi bomba,
miaka kumi na mmoja,
anashuka.
Skii zinagonga chuma, ko, ko, ko.
Macho hayako kwangu.
Akasema: kuna upepo.

Nikatazama kibendera.
Kimelala kama sikio la mbwa mzee.

Ningeweza kumpa wangu.
Upo mwingi, haujapungua,
ungemtosha mpaka uzeeni.

Nikasema: Saimi, hakuna upepo.
Nikameza mate, yalikuwa baridi.
Na siku yangu mimi
haukuwepo pia.

Alinyamaza. Ukimya wa watoto una meno.
Kisha akauliza: huo mpira, ni mzito?
Nikampa ncha yake.
Tukapanda tena, tukanyunyiza njia yote,
yeye mbele, mimi nyuma,
hatukuzungumza tena habari ya kuruka.
Hakuruka siku ile. Hata jana hakuruka.
Pengine hataruka, na mimi si nabii.

Maji yakimwagika hayazoleki:
haya ni maneno ya watu wenye jua.
Kwetu yakimwagika yanaganda,
na yakiganda yanazoleka kwa beleshi.
Sisemi yanarudi mtungini.
Hayanyweki tena, yana mchanga, yana nyayo.
Lakini yanabeba uzito wa mtu,
na usiku, taa za mnara zikiwashwa,
yanang'aa kuliko yalivyokuwa ndooni.

Mjukuu wangu bado anakula kwangu.
Leo nimempa beleshi.