Futi Tisa

Miaka kumi na moja nimemwambia Ardis, karibu,
naye akawa karibu kweli:
futi tisa kutoka baraza langu,
ndani ya gari lake, kioo kimeshushwa,
sahani ya pai ya tufaha mapajani.
"Hapa panatosha," husema. "Napenda upepo wa ziwa."
Nikaamini. Duluth ina upepo wa kumtosha kila mtu,
na anayesema anaupenda, nani atambishia?

Mpaka Machi, siku ya mvua ya barafu,
akasema napenda upepo
huku meno yakigongana,
ndipo nikageuka kuzitazama ngazi.

Vidato vitatu.
Arvo alivichonga kwa mwerezi mwaka tuliohamia,
akavipiga msasa hata paka akateleza.
Nilivipanda na mimba, nikavipanda na magunia ya viazi,
nikavishuka nyuma ya jeneza lake.
Sikuwahi kuvihesabu.
Mlango usiokuzuia huujui upana.

Tou seremala alikuja, penseli sikioni.
"Kila inchi ya kupanda inadai futi moja ya kwenda."
Inchi ishirini na moja.
Futi ishirini na moja basi, na kona,
na kona ilitaka kupita kwenye mlilaki wa Arvo.
Mimi na uchoyo wangu tukasema: fanya kumi na mbili,
Ardis ana mikono, alisukuma mikokoteni ya posta miaka thelathini.
Tou akaniangalia. Akafanya.

Ardis akaja kujaribu. Akafika nusu,
magurudumu yakasita, yakaanza kurudi,
viganja vikalia juu ya mpira.
Hakuanguka. Akakishusha kiti polepole, akanitazama:
"Usinijengee mlima, halafu uniambie chai iko juu."
Akaondoka. Kioo hakukishusha.

Asubuhi nikashika sepetu.
Mlilaki uko nyuma ya nyumba sasa, una majani manne.
Husemwa miti hiyo haifi upesi. Sijui. Naumwagilia.

Tukavunja, tukajenga tena:
mteremko mpole, pa kupumzikia katikati,
rangi iliyotiwa mchanga, theluji isije kuugeuza kioo.
Bawaba zikahama upande, mlango wa wavu usimpige mtu usoni.
Kitasa cha duara kikang'oka, kikaja cha kusukuma kwa kiwiko,
kwa ajili ya Gordy, ambaye vidole vyake siku hizi havisikilizani.
Na kwa Inez, anayeiona dunia kama kupitia maziwa,
mstari wa manjano ukingoni mwa sakafu.
Akaugusa kwa fimbo. "Manjano gani?"
"Ya haradali."
"Hiyo naiona. Ya limau ni ya uongo."

"Kengele niiweke wapi?" Tou akauliza.
Nikaleta kiti cha jikoni, nikaketi, nikanyoosha mkono.
Kisanduku changu cha barua kilikuwa juu kama kiota.
"Hapa," nikasema,
kisha nikakaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Vidato viwili vya Arvo vimekuwa benchi.
Cha tatu kiko chini ya nyumba, kimefunikwa turubai.
Msiniulize nakiwekea nini.

Oktoba, jioni yenye harufu ya theluji,
nikasikia mpira juu ya mbao,
mlio mgeni kwa nyumba hii.
Kona. Kimya. Pumzi.
Kisha kengele.

Miaka kumi na moja, na Ardis hajawahi kuipiga kengele yangu.
Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa, birika linachemka,
Gordy ananiashiria kwa kijiko, fungua, wewe.
Sikufungua. Nilitaka aipige tena.

Akaipiga tena.
"Lempi," sauti ikaja, iko palepale, kimo cha kiuno changu,
"fungua mlango.
Upepo huu sijawahi kuupenda."