Kilo Moja na Nusu kwa Kichwa

Turku, mwezi wa pili. Mto umeganda
hata watoto wanaukata kwa baiskeli,
nami nimekaa na kikokotoo na kahawa ya tatu
napima moto.

Si moto wa kuota. Ni moto wa kula.
Mabaharia ishirini na wawili,
kilo moja na nusu ya taka kwa kichwa kwa siku:
ganda la yai, boksi la maziwa,
gazeti lililosomwa na wote hadi likalegea,
tambara lililopangusa mashine likalewa dizeli.
Juu yake tope la mafuta, kilo mia mbili
zinazobaki kila siku kwenye machujio.
Jumlisha. Gawa kwa saa nane za kuwasha.
Jibu likatoka jeupe kama yai lililomenywa:
kilowati mia mbili, basi.

Torsten Wikholm, meza ya mbele, hakuinua hata kichwa.
“Usiongeze,” alisema.
“Mwenye meli halipwi kwa kubeba tanuri.”
Sikuongeza. Nikapiga mhuri.

Miezi kumi na minne baadaye
meli ile ikarudi kufanyiwa matengenezo.
Nilishuka ngazi, ngazi, na ngazi tena,
hadi pale joto linapokushika kwapani.
Mlango wa tanuri ulikuwa umepinda,
matofali yake ya ndani yamepasuka
kama kisigino cha mtu anayetembea peku.

Mlishaji wake alikuwa Rodelio Magbanua, mtu wa Iloilo,
nyusi za kushoto hana.
Alinionyesha ukuta.
Chaki, mistari, tarehe, mwandiko wa kubana:
Jumatatu 52. Jumanne 47.
Siku aliyozaliwa nahodha, 97.
Alipimia mizani ya samaki, ile ya ndoano,
mfuko mmoja mmoja, kwa vile, alisema,
hakuna aliyemwamini.

Kisha mistari kumi na mmoja mitupu.
“Hapa?”
“Hapa tulitia nanga. Tulikuwa tunangoja zamu ya gati.
Karibu na mji haturuhusiwi kuwasha.”
Taka haikujua kwamba tumetia nanga.
Ilijaa stoo, ikajaa ujia,
ikafika mlangoni kwa usukani ikibisha hodi kwa harufu,
na maboksi yakanyeshewa yakawa mazito kama maiti.
Walipong’oa nanga aliwasha saa kumi na nne kwa siku,
wiki nzima, akichambua kwa mikono
plastiki ile ambayo moshi wake ni sumu,
akilala kwenye kiti, buti miguuni.

Mzigo wa mwenzio kanda la usufi.
Nilikuwa nimelipima kanda lile
bila kulinyanyua.

Aliuliza, wala hakuwa na ubaya:
“Huyu aliyepiga hesabu, mama,
aliwahi kula chakula, akabakiza?”

Nikamjibu kwamba nitaulizia ofisini.

Niliporudi juu, upepo ulinipokea kwa kofi.
Begani mwa koti langu, nilipoegemea ukuta,
palikuwa na namba imenakiliwa kinyumenyume.
Niliisoma kwenye kioo cha basi:
saba, halafu tisa.
Sikuipangusa mpaka Jumapili.

Sasa kuna meli nyingine mezani,
jina bado haina, watu wake hawajaajiriwa,
lakini tayari wanakula.
Naandika hamsini na mbili. Naandika sikukuu.
Naandika siku kumi na moja za kungoja gati
na maboksi yaliyolowa, ambayo moto lazima uyakaushe kwanza
ndipo uyale.
Naandika saa za mtu kulala, akiwa amevua buti.

Torsten amekuja kusimama nyuma yangu, miwani puani.
“Umezitoa wapi hizi?”
“Ukutani.”
Akangoja niongeze neno.

Neno sikuongeza.
Niliongeza kilowati.